Haiuzwi

Katesh,
19 Desemba 2023

Mdogo wangu Nicodemo,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Sisi tupo. Nasema tupo, sisemi hatujambo, wiki hizi neno hilo halitaki kutoka mdomoni. Mimi nipo, Violeth yupo, na watoto wake wawili wapo. Yule mkubwa alichubuka goti tulipokuwa tunakimbia, basi. Msalimie wifi yangu Letisia na umwambie blanketi alilonipa Pasaka ndilo tunalojifunika wote wanne.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu yangu ilienda na matope. Hata ingekuwepo, wewe na masikio yako tungeishia kupigiana kelele mpaka majirani waje kuamua ugomvi. Barua nampa Abdulrahim, yule mfanyabiashara wa vitunguu saumu wa Dongobesh. Amekuja mara mbili sasa kuleta unga na nguo zilizochangwa msikitini kwao, Mungu amlipe.

Mliyoona kwenye televisheni ni kweli, ila televisheni haina harufu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, wengine ndiyo tunaamka, mlima ukashuka na magogo na mawe. Jirani yangu wa upande wa juu, mama Judica, tumemzika pamoja na wajukuu wake wawili. Jumamosi jioni alikuwa kwangu kupima sare. Chumba changu cha kushonea kilijaa tope mpaka dirishani. Cherehani zote mbili zimekwenda, na vitambaa vya wateja, na sare za Januari.

Na stoo ya nyuma, ndugu yangu. Hilo ndilo unalolitafuta tangu mstari wa kwanza, nakujua. Makasha yako manne ya santuri yamekwenda. Sikuona hata ubao. Pole sana.

Usije kwa sasa. Huku hata pa kukukalisha hapapo.

Dada yako,
Oliva


Endagikot, Mbulu,
8 Januari 2024

Dada Oliva,

Shikamoo. Shikamoo tena, na ya tatu ni ya Letisia ambaye amekaa hapa pembeni anahakikisha nimeiandika. Barua yako tuliisoma wawili, yeye akisoma kwa sauti na mimi nikifuata kwa macho, na tulipofika kwenye goti la mjukuu tulicheka na kulia kwa pamoja. Huku kwetu wazima. Ng'ombe mmoja amezaa, ngano imekubali, baridi ni ile ile. Nimempa Abdulrahim gunia moja la mahindi, madebe mawili ya maharage, na furushi la nguo ambalo Letisia amelifunga mwenyewe, kwa hiyo andaa kisu cha kufungulia.

Kuhusu makasha, nilipofika kwenye mstari ule niliikunja barua nikatoka kwenda kuangalia ng'ombe, ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Nitasema mara moja halafu ninyamaze. Zilikuwa santuri mia mbili na kumi na nne. Watu wa hapa wananicheka, watoto wananiita Mzee Haiuzwi, na wewe pia umenicheka, lakini wewe unajua. Zile si santuri za dukani. Ni zile ambazo kampuni za muziki zilipeleka redioni bure, hata kabla hazijaingia madukani, ili watangazaji wazipige na watu wazipende. Kila moja imegongwa muhuri: SAMPULI YA REDIO, HAIUZWI. Za dukani zote zinafanana kama mayai. Za redio zimeandikwa na watu. Mtangazaji ameandika juu ya jalada siku aliyoipiga na saa. Mwingine ameandika, "Inaruka dakika ya pili, kaa nayo karibu." Mkuu wa vipindi ameandika kwa wino mwekundu, "Upande wa pili usipigwe," na mtangazaji wa zamu ya asubuhi ameandika chini yake, "Kwa nini?" Miaka ishirini nilikuwa fundi mitambo, nikikaa nyuma ya kioo, na nilimjua kila mtu kwa mwandiko wake. Siku hizi masikio yamekwisha, kuzipiga hakunisaidii. Nilikuwa nazisoma.

Na katika zote hakuna niliyoinunua wala niliyoiuza. Niliomba. Nilitengeneza mitambo ya watu bure, nilipeleka vitunguu saumu, nikapewa. Muhuri umesema haiuzwi, na mimi niliuheshimu. Nilizileta kwako mwezi wa sita kwa sababu ukungu wa Mbulu ulikuwa unazitia kuvu, na huko kwako ni kukavu. Nilijiona mwerevu.

Swali moja tu. Majalada je? Karatasi ngumu inaweza kukaa kwenye tope na bado ikasomeka. Hata kumi. Nije na koleo?

Mdogo wako,
Nicodemo


Katesh,
2 Februari 2024

Nicodemo,

Marahaba kwako na kwa wifi. Mahindi yamefika na tunayala. Furushi tulilifungua kwa kisu kweli, Violeth akasema mke wa mjomba huyu angefaa kufunga mizigo ya bandarini. Watoto wamerudi shule. Kuna mama mmoja wa parokiani ameniazima cherehani ya mkono, nashona polepole.

Usije na koleo. Kwenye matope haya watu wamechimbwa, Nicodemo. Kuna baba anakuja kila asubuhi kusimama pale penye uwanja wa nyumba yake, anasimama tu halafu anaondoka. Unataka asimame pembeni yako wewe ukitafuta nyimbo? Matingatinga yamesomba kila kitu mpaka ng'ambo ya barabara. Hakuna jalada.

Kama kuna kitu unataka kunifanyia, niletee mbegu za maharage zile nyekundu. Shamba la Masakta nataka nililime tena, limelala tangu nimzike Basili.

Oliva


Endagikot,
20 Machi 2024

Dada Oliva,

Shikamoo. Umenitia aibu na nilistahili. Tangu nipate barua yako koleo lenyewe nikiliona nageuza uso.

Letisia anaumwa mguu, amepewa dawa ya kupaka na ananipaka mimi maneno. Mengine yote salama.

Nataka ujue kwamba jambo lile nimeliweka mahali pake. Alhamisi iliyopita tulisali jumuiya kwangu, na ulipofika wakati wa kushukuru nilisimama. Wewe unajua mimi si mtu wa kusimama. Nikasema, Mungu angeweza kuchukua watoto wa Violeth akaniachia makasha, naye akachukua makasha akaniachia watoto, na mimi ninamshukuru. Mama mmoja alilia. Mwenyekiti wa jumuiya alisema ule ndio ushuhuda wa Kwaresima yote.

Mbegu nyekundu hizo hapo, debe zima. Mwambie Violeth asipike zote.

Mdogo wako,
Nicodemo


Endagikot,
24 Juni 2024

Dada Oliva,

Shikamoo. Natumaini mavuno yanaendelea. Letisia amepona mguu. Mimi mwili hauna ugonjwa.

Hapa Endagikot kuna mwalimu kijana, anaitwa Yonas, anafundisha sekondari ya Dongobesh na hupita kwangu kuazima magazeti yangu ya zamani. Juzi alikuja mbio na simu yake. Kuna mtu wa Arusha anakusanya santuri na kuzionyesha mtandaoni, moja moja, mbele na nyuma. Yonas alidhani nitafurahi kuona mwenzangu.

Ilikuwa ile ya wino mwekundu. "Upande wa pili usipigwe." Na chini yake, "Kwa nini?"

Nikamwambia kampuni zilitoa nakala nyingi, labda vituo viwili viliandika maneno yale yale. Mtu akitaka kujidanganya hakosi njia. Yonas akaikuza picha kwa vidole. Ndani ya mdomo wa jalada kulikuwa na penseli, mwandiko wangu: Babati, 9/7/2009, nimepewa na mzee wa zamu. Kila santuri niliyoipata niliiandika hivyo, mahali na siku.

Nilimwomba Yonas amwandikie mtu yule. Amejibu kwa adabu sana. Amesema alizipata kwa Halfani, mwenye duka hapo Katesh, makasha manne, na Halfani alimwambia zimetoka kwa mama mmoja mshonaji. Yonas akauliza lini. Mwezi wa kumi mwaka jana.

Nimehesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza, dada. Mwezi wa kumi unakuja kabla ya mwezi wa kumi na mbili. Matope yalipoingia kwenye stoo yako yalikuta sakafu.

Ungeniambia tu, "Nicodemo, nimezitoa." Ningekasirika, ningelia wiki moja, ningekuja kukugombeza na ungenipa chai. Lakini ulimchukua mama Judica na wajukuu zake ukawalaza juu ya makasha yangu ili nisichimbe. Ukanifundisha adabu ya wafu, nikaona aibu mbele ya koleo. Nikasimama kwenye jumuiya nikamshukuru Mungu kwa uongo wako, na yule mama akalia machozi ya kweli.

Sina hasira ya santuri. Nilidhani ninayo, nikaitafuta, siioni. Kinachonichoma ni kwamba wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, wewe na kidole chako kwenye kitabu, na sasa kila barua yako niliyoiweka sandukuni naogopa kuisoma tena.

Halfani alikupa nini?

Nicodemo


Endagikot,
11 Agosti 2024

Dada Oliva,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu tulilelewa hivyo, usiitafutie moyo.

Barua yangu ya mwezi wa sita hujaijibu. Nilijiambia imepotea njiani, nikamuuliza Abdulrahim. Anasema alikupa mkononi. Anasema uliisoma ukiwa umesimama, ukaikunja, ukaiweka kwenye mfuko wa aproni, ukamuuliza vitunguu saumu mwaka huu vikoje.

Basi mimi nitakuambia vikoje. Vitunguu ni vizuri, na mimi sili vizuri. Letisia anasema nimekonda. Anataka niachane na habari hii, anasema dada ni dada. Nimemjibu, hilo ndilo linaloniumiza, angekuwa mtu baki ningeshasahau.

Mwezi ujao kuna komunyo ya kwanza ya mjukuu wako. Sitakuja. Letisia atakuja na zawadi. Ukiulizwa nilipo, waambie chochote, naona hupati shida kwa hilo.

Nicodemo


Katesh,
3 Septemba 2024

Nicodemo,

Marahaba. Nami naiitikia kwa sababu hiyo hiyo.

Watoto wazima. Maharage mekundu yameota yote, nakushukuru.

Umeuliza Halfani alinipa nini. Hakunipa kitu. Aliuliza bei, nikamwonyesha muhuri, nikamwambia soma. Sikuuza, Nicodemo. Niligawa. Halfani alidhani nimechanganyikiwa. Aliyapakia makasha akigeuka geuka kama mtu anayeiba, mkewe akaniletea sahani ya pilau jioni, maana walishindwa kuelewa. Kwa hiyo muhuri wako nimeuheshimu kuliko unavyofikiri.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Ulipoandika kwamba uongo haunipi shida, nikaona basi, tuzungumze uongo.

Ulipozileta ulinipa masharti. Zisimame wima, zisilale. Zisikae karibu na dirisha. Kila mwezi zipanguswe kwa kitambaa kikavu, moja moja. Nilifanya. Uliza Violeth, alinicheka kwamba hata yeye sikumwogesha hivyo. Na mwezi wa tisa mwaka jana, nikiwa nimekaa kwenye kigoda na kitambaa changu, jalada moja la santuri ndogo lilijifungua mdomo. Nakutumia ndani ya bahasha hii. Nililitia kwenye begi la vyeti, ndilo begi nililokimbia nalo siku ya matope, kwa hiyo jalada moja lako limepona. Soma mwandiko wako.

"Singida, Jumamosi 22/5/2021. Makasha mawili na mashine. Nimezifuata mwenyewe na pikapu. Siku njema kuliko zote."

Ijumaa ya tarehe ishirini na moja nilikupigia kukuomba hiyo pikapu. Letisia akapokea, akakuandikia kwenye karatasi, akaniambia umeitikia kwa kichwa, umesema asubuhi na mapema. Basili alikuwa amelala Masakta, tumbo limekaza, hatapiki hajisaidii. Unaijua njia ile ilivyo mwezi wa tano, gari lako tu ndilo lilikuwa linapanda. Jumamosi saa mbili asubuhi ukatuma meseji. Simu ilienda na matope, maneno hayakwenda. "Springi imekatika nipo Dongobesh nasubiri fundi, vumilieni." Tukavumilia. Tungeweza kumbeba kwa machela mpaka kwenye lami tukaomba gari lolote, wanaume walikuwepo. Hatukufanya kwa sababu ulisema unakuja. Jumapili asubuhi tulimfunga kwa kanga kwenye pikipiki, mbele dereva, nyuma mimi, nimemkumbatia mume wangu kama mzigo wa kuni. Jumatatu alifariki. Daktari alisema angefika Jumamosi angepasuliwa, na angekuwa na nafasi.

Na kaburini ni wewe uliyetoa neno la familia. Ulisema gari lako lilikusaliti. Watu walikuonea huruma. Mimi mwenyewe nilitoka penye kaburi la mume wangu nikaja kukushika mkono wewe, nikakuambia usijilaumu, chuma ni chuma. Miaka miwili nilikuombea kwa jina ili usijilaumu. Halafu nikazipangusa hizo hizo santuri kwa kitambaa kikavu.

Nilitaka kukuambia Krismasi uso kwa uso. Matope yakatangulia. Abdulrahim alipofika mara ya kwanza na salamu zako alisema, "Nicodemo anauliza watoto, anauliza makasha, anauliza na wewe." Kwa mpangilio huo. Nikaona nikuachie matope.

Kwa mama Judica nimekosa. Nimeliungama hilo, na si kwako nilikoliungamia.

Siku njema kuliko zote, Nicodemo. Ungeandika tarehe tu, labda ningejilazimisha kuamini umekosea siku.

Oliva


Endagikot,
28 Novemba 2024

Dada Oliva,

Shikamoo. Usipoitikia nitaelewa.

Letisia aliisoma barua yako kabla yangu. Hakuwa anajua. Alidhani kweli nilikuwa Dongobesh, na yeye ndiye aliyekuwa anakupigia simu siku ile kukutuliza. Tangu hapo ananipikia, ananiwekea chakula mezani na kuondoka. Mimi ndiye kiziwi, lakini ni yeye aliyeacha kuongea.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kila mara naanza na maelezo, kisha nachana. Sasa nasema bila maelezo. Springi haikukatika.

Kile kituo cha redio cha Singida kilikuwa kinahamia kwenye kompyuta. Mlinzi wao alinitumia ujumbe Ijumaa usiku kwamba kesho saa nane mchana santuri zote zinatupwa shimoni na kuchomwa. Nilijiambia tumbo la Basili ni lile lile la siku zote, litangoja mpaka jioni. Nilijiambia nitapita kwenu nikirudi na hakuna atakayejua nilitokea upande gani. Meseji niliiandika nikiwa nimesimama kujaza mafuta, wala si Dongobesh. Na nilipozipata nilifurahi, dada. Sitakudanganya tena. Nilifurahi mpaka nikaandika vile.

Kuna jambo jingine, na nakuambia kwa sababu hakuna lililobaki kati yetu ila ukweli. Jumamosi ile ile, saa kumi na mbili kasoro jioni, nilifika njia panda ya Masakta. Nilisimama. Sikuzima gari. Nyuma kulikuwa na makasha mawili na ile mashine kubwa ya kupigia santuri, hakuna pa kumlaza mtu. Pale njia panda kuna kibanda cha muuza maziwa, unakijua, ningeshusha vitu vyote pale nikapanda kuja kumchukua. Nikafungua mlango. Manyunyu yakaanza. Kibanda hakikuwa na paa zuri, na maji yakiingia kwenye jalada wino unakwenda. Nilikaa labda dakika tano, mguu mmoja nje. Halafu nikaufunga mlango nikaondoka. Nilipofika nyumbani nilisema nitakuja kesho asubuhi, na asubuhi Letisia akapata simu kwamba mmeshaondoka na pikipiki.

Mtu wa Arusha amesema yuko tayari kunirudishia makasha yote manne, bure. Nimemwambia akae nayo. Lile jalada ulilonitumia siwezi kulichoma na siwezi kuliangalia, liko juu ya kabati.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Ukiniruhusu nitakuja kuuomba mbele yako na mbele ya Violeth, na penye kaburi. Nitakuja kwa basi.

Nicodemo


Katesh,
14 Desemba 2024

Nicodemo,

Barua yako imefika. Watoto wamefunga shule. Mvua imeanza vizuri, na juzi tulisali misa ya mwaka mmoja ya watu wa matope, kanisa lilijaa mpaka nje. Mwambie wifi yangu Letisia asiache kuongea kwa ajili yangu, na kama anataka kuja kukaa huku wiki mbili kitanda kipo.

Wewe usije. Sisemi milele. Usije tu mpaka nikuandikie mimi.

Mimi nilijua tarehe peke yake. Tarehe nilikuwa nimeshaizoea, nilikuwa naweza kupika nayo na kulala nayo. Hiyo ya njia panda sikuwa naijua. Ungebaki nayo.

Nyumba yetu ya Masakta unajua ilivyokaa, juu ya mteremko, gari likibadilisha gia huko chini linasikika mpaka kitandani. Na gari lako la enzi zile, lenye ekzosi iliyotoboka, nani asingelijua. Jumamosi ile manyunyu yalipoanza kugonga bati, Basili aliinua kichwa. Mchana kutwa alikuwa hajakiinua. Akasema, "Mama Violeth, shemeji amefika. Gari lake lile, limesimama pale chini."

Nikasikiliza, nikasikia mvua tu. Nikamwambia hapana, ni homa hiyo, shemeji yuko Dongobesh gari limekatika springi. Akasema analijua gari la shemeji. Nikamwambia alale, aache kuweweseka, anatuchosha.

Akaniomba radhi, akanyamaza.

Oliva